Dawa Imefika au Haijafika: Nyenzo Ninazotegemea Kuwatafutia Wagonjwa Dawa za Bei Kali

Kazi yangu huanza pale daktari anapomaliza kuandika. Mimi ni mratibu wa dawa katika kliniki moja hapa Columbus, Ohio, na dawa ninazoshughulikia huzikuti rafuni kwenye famasia ya mtaani: sindano za baridi yabisi, vidonge vya homa ya ini, dawa za seli mundu na za saratani ya damu. Medicare, bima ya serikali ya shirikisho ambayo hasa ni ya wazee, inaruhusu dawa iwekwe kwenye daraja la dawa maalumu ikifikia kiwango fulani cha bei, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 950 kwa mwezi, lakini nyingi ninazozishika zinapita hapo mbali sana. Sofosbuvir, dawa ya homa ya ini C, ilipoidhinishwa Desemba 2013 iliuzwa dola 1,000 kidonge kimoja, yaani dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12. Bei za homa ya ini C zimeshuka tangu wakati ule. Za magonjwa mengine bado zinamtoa mtu jasho.

Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaoletwa mezani kwangu wanazungumza Kiswahili: Wakongo wa Uvira, Fizi na Bukavu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kuletwa Ohio, Wakenya wanaofanya kazi za usiku kwenye maghala, na Watanzania wachache kama mimi, mzaliwa wa Tanga. Vijana wetu waliosomea ufundi wa famasia au uuguzi nao wanazidi kuingia kwenye kazi hii ya uratibu, na wote wananiuliza swali lile lile: Dada, nianzie wapi? Hii tathmini ni yao.

Kila nyenzo nimeipima kwa jambo moja tu, kama ilisaidia dawa kufika mkononi mwa mgonjwa. Watengenezaji wa nyenzo hizi hupenda kuhesabu idhini zilizotolewa na fomu zilizopokelewa. Mgonjwa wa Uvira mwenye vidole vilivyovimba hahesabu hivyo. Yeye ananipigia na kusema, "Dada, ile dawa haiyafika," na hapo ndipo kazi yangu inapopimwa.

Tuanze na kibali cha bima, maana bila hicho hakuna kinachosogea. Karibu kila dawa ya aina hii inahitaji idhini ya awali: bima inataka kujua ugonjwa ni upi, vipimo vinasemaje, na dawa gani za bei nafuu zimejaribiwa zikashindwa. Chombo ninachokifungua asubuhi na kukifunga mwisho ni CoverMyMeds. Kilianzishwa hapa hapa Ohio mwaka 2008, kampuni ya usambazaji dawa ya McKesson ikakinunua 2017, na jengo kubwa walilolijenga liko Franklinton, ng'ambo ya mto Scioto ukitoka katikati ya jiji. Kliniki hailipi hata senti. Wanaolipa ni kampuni za dawa na wenzao wa upande wa bima na famasia, na ni vizuri ukalijua hilo, kwa sababu chombo cha bure kina mwenyewe anayekilipia na mwenyewe huyo ana haja zake.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Famasia ikijaribu kutoza bima na kukataliwa, inaanzisha ombi lenye namba ya ufunguo. Unaingiza ufunguo, jina la ukoo la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa, na fomu ya bima ile ile inafunguka ikiwa imeshajazwa nusu. Kwa bima zilizounganishwa moja kwa moja, maswali hurudi upesi, na nimewahi kuona idhini ikitoka kabla sijanyanyuka kitini. Ukilinganisha na faksi, ambayo unaituma halafu unapiga simu kuuliza kama imefika halafu unaambiwa uitume tena, hii ni nafuu kubwa mno.

Kazi iliyobaki, kueleza habari ya mgonjwa, ni yako. Fomu inauliza kama mgonjwa alijaribu methotrexate, dawa ya bei nafuu ya baridi yabisi, ikashindwa kumsaidia. Ukijibu "ndiyo" ukaishia hapo, umemwachia mkaguzi mlango wa kukataa. Andika alianza lini, kipimo gani, aliacha lini na kwa nini, na kama vimeng'enya vya ini vilipanda andika vilifika ngapi, kisha ambatisha karatasi ya maabara. Kwa wagonjwa wetu kuna ugumu ambao fomu haikuufikiria: mtu alitibiwa kambini miaka kadhaa na hana hata kipande cha karatasi. Hapo namwomba daktari achukue historia hiyo kwa kinywa cha mgonjwa, mkalimani akiwepo, na kuiandika kwenye maelezo ya ziara ya siku hiyo: dawa aliyotumia, mahali, takriban muda gani, na nini kilimtokea. Kilichoandikwa kwenye faili na kusainiwa na daktari kina uzito. Maombi mengi niliyoona yakipita kwa wagonjwa wa kambini yamepita kwa njia hiyo.

Kwa wenye Medicaid ya Ohio, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, maisha yamekuwa mepesi tangu Oktoba 2022, jimbo lilipoweka msimamizi mmoja wa dawa, Gainwell, kwa mipango yote ya bima iliyo chini yake. Zamani kila mpango ulikuwa na fomu yake na orodha yake ya dawa. Sasa ni mlango mmoja. Na hapa kuna jambo ambalo nashangaa waratibu wengi hawafundishwi: sheria ya shirikisho inaitaka Medicaid ijibu ombi la idhini ya dawa ndani ya saa 24, na kuruhusu dawa ya dharura ya saa 72 mgonjwa akiwa hawezi kusubiri. Ukiwa na mgonjwa aliyetoka hospitali jioni ya Ijumaa na dawa yake imekwama, taja kifungu hicho kwa mfamasia kwa upole na kwa uhakika. Mara nyingi kinafungua.

Medicare nayo ina saa zake: 72 kwa ombi la kawaida, 24 kwa la haraka daktari akisema kuchelewa kutamdhuru mgonjwa. Wakikataa, usikate tamaa. Jibu la kwanza la hapana mara nyingi limetoka kwa mtu aliyekosa karatasi moja. Soma barua ya kukataa neno kwa neno, kwa sababu lazima iseme sababu, na rufaa yako ijibu sababu ile na si nyingine. Kliniki ikizidiwa, Patient Advocate Foundation, shirika lililoanzishwa 1996, lina watu wanaosimamia kesi za wagonjwa bila malipo, pamoja na rufaa. Nimewapelekea wagonjwa wenye saratani na wamehudumiwa kwa utu.

Sasa pesa, na hapa nitakaa.

Idhini ikitoka, mgonjwa anaambiwa sehemu yake ya malipo. Kwa dawa ya dola 6,000 kwa mwezi, asilimia 25 ni 1,500. Hakuna mfanyakazi wa ghala anayetoa hiyo. Kwa mwenye bima ya kazini, jibu la kwanza ni kadi ya mtengenezaji wa dawa, inayoweza kushusha sehemu hiyo hadi dola 5, au hata sifuri kwa dawa kadhaa. Kadi ina namba tatu au nne ambazo famasia inaziingiza kama bima ya pili. Unaipata mtandaoni kwa dakika chache, na kwa wengi inatosha.

Ila ina mitego miwili. Wa kwanza, ni marufuku kwa mwenye Medicare, Medicaid au bima nyingine ya serikali, kwa sababu ya sheria ya shirikisho dhidi ya hongo katika huduma za afya. Mgonjwa akifikisha miaka 65 na kuhamia Medicare, kadi aliyoizoea inakufa siku hiyo hiyo, na kama hujamwandaa atajikuta kaunta ya famasia akiambiwa bei ambayo hajawahi kuisikia. Wa pili ni mchezo wa bima kuchukua pesa ya kadi na kutoihesabu kwenye kiasi ambacho mgonjwa anapaswa kujilipia kwa mwaka. Kadi inaisha katikati ya mwaka, na mgonjwa anaanza kulipa kana kwamba hajawahi kulipa chochote. Majimbo zaidi ya 20 yametunga sheria kuzuia jambo hili, lakini sheria hizo haziwafikii waajiri wanaojilipia bima wenyewe, na waajiri wakubwa wengi wako hivyo. Kwa hiyo kabla sijampa mgonjwa kadi, napiga bima na kuuliza waziwazi: pesa ya kadi inahesabiwa au haihesabiwi? Naandika jina la aliyejibu na tarehe.

Kwa wenye Medicare, mambo yamebadilika na kuwa bora. Kabla ya 2024 hapakuwa na kikomo cha anachotoa mgonjwa kwa dawa za kununua famasia. Sheria ya 2022 ya kupunguza mfumuko wa bei iliweka kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka 2025, na 2,100 kwa 2026. Nilikuwepo kabla, kwa hiyo nayasema haya kwa shukrani: nimeona wazee waliokuwa wakigawanya vidonge wakianza kumeza dozi kamili. Kuna pia mpango wa kugawa malipo hayo kwa miezi bila riba. Tahadhari yangu ni kwamba unajiunga kupitia kampuni ya bima na si kaunta ya famasia, na mgonjwa akitaka ufanye kazi Januari inampasa ajiunge kabla ya kuchukua dawa ya kwanza ya mwaka. Mwenye kipato kidogo aombe pia Extra Help, msaada wa shirikisho wa gharama za dawa kwa wenye Medicare. Tangu 2024 msaada wake kamili unafika hadi asilimia 150 ya mstari wa umaskini, na mwaka 2025 aliyeupata hakulipa zaidi ya dola 12.15 kwa dawa moja yenye jina la kibiashara. Kwanza ombi hili, ndipo mengine.

Halafu kuna mifuko ya hisani: PAN Foundation, HealthWell, Good Days, na mfuko mwingine ulio chini ya Patient Advocate Foundation. Hii hulipa sehemu ya mgonjwa hata kama ana Medicare, kwa sharti kwamba mfuko ni wa ugonjwa na si wa dawa ya kampuni fulani. Watu wetu hudhani misaada hii ni ya fukara kabisa na hawaombi. Mstari wa umaskini wa 2025 kwa familia ya watu wanne ulikuwa dola 32,150, na mifuko mingi hukubali hadi mara nne ya mstari huo, ambayo kwa mwaka ule ilikuwa dola 128,600. Baba, mama na kaka mkubwa wote wanafanya kazi, na bado familia inaingia.

Taabu ya mifuko hii ni kufungwa na kufunguliwa. Pesa ikiingia unafunguka, waombaji wanajaa, unafungwa, wakati mwingine siku ile ile. Ni kama samaki wa asubuhi sokoni: ukifika saa nne umekuta meza imeoshwa. Ndiyo maana FundFinder ya PAN ndiyo nyenzo ninayoipa alama za juu kuliko zote katika tathmini hii. Ni ya bure, inafuatilia mifuko ya mashirika mengi na si ya PAN peke yake, na unajiandikisha kwa ugonjwa unaokuhusu ili upate taarifa mfuko unapofunguka. Nimejiandikisha kwa kila ugonjwa unaopita kliniki kwetu. Taarifa ikiingia, naacha ninachofanya. Kwa hiyo faili la kila mgonjwa anayesubiri liwe tayari: kipato cha mwaka, idadi ya watu nyumbani, namba ya bima, msimbo wa ugonjwa, jina la daktari. Ukianza kutafuta hati ya mshahara wakati mfuko uko wazi, umeshachelewa. Shirika hili limefanya kitu adimu, limewaonyesha watu mlango wa jirani wakati wake umefungwa, na kwangu huo ni uungwana unaookoa watu.

NeedyMeds nitaipitia haraka. Ilianzishwa 1997 na daktari na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na ni orodha pana ya misaada kwa jina la dawa au la ugonjwa, pamoja na simu ya msaada. Sura yake ni ya kizamani, lakini yaliyomo yana kina, na fomu za kampuni unazipakua pale pale. Medicine Assistance Tool ya chama cha watengenezaji dawa, PhRMA, ni nadhifu zaidi. Mimi huanza na NeedyMeds kisha nathibitisha kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kwa sababu orodha yoyote inazeeka. Tarehe 25 Septemba 2024 Pfizer ilitangaza kuiondoa Oxbryta, dawa ya seli mundu, kwenye masoko yote, baada ya takwimu kuonyesha hatari ya vifo na mashambulizi ya maumivu kuwa kubwa kuliko faida. Karatasi yoyote ya msaada iliyokuwa imechapishwa wiki ile ilikufa hapo hapo. Kwetu sisi wenye watoto wa Kikongo na wa pwani wanaoishi na seli mundu, jambo hilo lilihitaji simu ya kila familia siku hiyo hiyo, kwa lugha yao, na kurudi kwa daktari kupanga upya. Hakuna tovuti inayokufanyia hilo.

Tukija kwa vituo vya msaada vya watengenezaji wenyewe, hapa ubora unatofautiana vibaya. Kila kampuni kubwa ina chake: Gilead wana Support Path, Genentech wana Access Solutions, Sanofi na Regeneron wana Dupixent MyWay kwa dawa yao ya Dupixent. Unajaza fomu moja, daktari anasaini, mgonjwa anasaini kuruhusu taarifa zake, nao wanakagua bima, wanatafuta famasia inayoruhusiwa kutoa dawa ile, wanatoa kadi, na bima ikichelewa wanaweza kutuma dawa ya kuvukia, ya kutumia wakati mgonjwa anasubiri. Kile cha Genentech nakisifu kwa jambo moja mahususi: mlango wake wa mtandaoni wa kliniki unakuonyesha ombi limefika hatua gani, na hulazimiki kukaa kwenye simu ukisikiliza muziki. Kwa asiye na bima kabisa wana mfuko wa dawa za bure, na wenzao wengi wanao pia.

Waambie wagonjwa wenu jambo hili bila kuchoka: programu nyingi za dawa za bure zinataka mgonjwa awe mkazi wa Marekani, na ukazi si uraia. Ni msaada wa kampuni binafsi, si wa serikali. Nimeona mama akikunja fomu na kuirudisha mezani kwa hofu kwamba itamharibia karatasi zake za uhamiaji. Niliketi naye nikamsomea masharti yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na akasaini. Kwa asiye na hati ya mshahara, soma masharti mpaka mwisho, kwa sababu programu kadhaa hukubali barua ya mgonjwa kueleza anaishi kwa nini na analishwa na nani.

Sasa upande wa pili. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilifunga kesi ya mzee wetu kwa sababu "mgonjwa hakupatikana". Walikuwa wamempigia mchana, naye anafanya kazi usiku na mchana analala. Ujumbe waliouacha ulikuwa wa Kiingereza. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: Kiswahili, piga baada ya saa kumi jioni, ukikosa piga kliniki. Hakuna aliyesoma. Kesi ikaanza upya, na mzee akakaa bila sindano huku viungo vikirudi kufura. Lililoniuma zaidi ni kwamba fomu ile ina kisanduku cha lugha. Wameweka kisanduku na hawana mtu wa kukisoma. Tangu hapo, kwa kila kituo ninachoanza nacho, naomba jina la meneja wao wa mkoa anayeshughulika na malipo, yule anayetembelea kliniki. Huyo si muuzaji wa dawa, kazi yake ni kukwamua kesi, na simu moja kwake ina faida kuliko faksi kumi. Msimruhusu tu awachagulie dawa. Hiyo ni kazi ya daktari.

Kutoka hapo dawa inakwenda famasia maalumu. Si famasia unayoichagua: bima ina yake, na dawa kadhaa zinatolewa na famasia chache tu nchini kwa makubaliano na mtengenezaji. Hawatumi kitu mpaka mgonjwa athibitishe kwa simu, kila mwezi, kwamba dawa imekaribia kwisha, anwani ni ile ile, na kutakuwa na mtu wa kupokea boksi, kwa sababu sindano nyingi lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Simu hiyo moja ndiyo inayoangusha wagonjwa wetu kuliko kukataliwa na bima. Namba ngeni, sauti ya mashine, Kiingereza cha haraka, chagua moja, chagua mbili. Mama anakata akidhani ni matapeli, na ana haki, kwa sababu matapeli wanawapigia kila siku.

Famasia moja ninayofanya nayo kazi inafanya vizuri mno, nyingine inafanya vibaya mno, na tofauti yao ni ndogo: ile nzuri inamwita mkalimani kabla ya kupiga, ile mbaya inapiga kwanza ndipo inatafuta mkalimani wakati mgonjwa ameshakata. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinataka watoa huduma wanaopokea fedha za shirikisho wampe mgonjwa mkalimani bila malipo. Kwa hiyo ninyi waratibu mnapodai, mnadai haki ya mgonjwa.

Nifanyavyo mimi: siku dawa inapoidhinishwa, nampigia mgonjwa nikiwa na famasia kwenye laini ya tatu. Naomba waandike kwenye faili lake lugha ya Kiswahili cha Kongo ikiwa ndiyo yake, kwa sababu mkalimani aliyesoma Nairobi na bibi wa Fizi wanaweza kupishana kwenye maswali ya dawa, na hapo ndipo dozi inapokosewa. Naomba kliniki iandikwe kama namba ya pili. Kwa wanaoishi ghorofani ambako maboksi huibwa, naomba dawa itumwe kliniki, nao wanakuja kuichukua kwenye friji letu. Namwekea mgonjwa namba ya famasia kwenye simu yake kwa jina analolijua, kama "Dawa ya mikono", ili ikiita aipokee. Hili halipo kwenye mwongozo wowote niliosoma, na kwa wagonjwa wangu limefanya kazi kuliko miongozo yote.

Jihadharini pia na kitu kipya kinachoingia kupitia waajiri: kampuni za kati zinazoondoa dawa maalumu kwenye bima ya mfanyakazi, kisha zinamtaka aombe dawa za bure za mtengenezaji kana kwamba hana bima. Barua zao zina maneno matamu ya "kukuokolea pesa". Mgonjwa anapoteza wiki nyingi, na watengenezaji kadhaa wameanza kukataa maombi ya aina hiyo. Ukiona barua ya namna hii, mpeleke mgonjwa kwa idara ya wafanyakazi wa kazini kwake na aombe kwa maandishi dawa irudishwe kwenye bima.

Kalenda ni nyenzo pia. Oktoba 15 hadi Desemba 7 ni dirisha la kubadilisha mpango wa dawa wa Medicare, na mpango uliofaa mwaka huu unaweza kuiacha dawa ya mgonjwa wako mwaka ujao. Bima za kazini nazo hubadilisha orodha: tarehe 1 Aprili 2024 CVS Caremark, kampuni inayosimamia dawa kwa niaba ya bima, iliitoa Humira, sindano ya baridi yabisi, kwenye orodha zake kuu za kitaifa na kuweka dawa zinazofanana nayo, na wagonjwa waliokuwa wametulia walihitaji maagizo mapya. Novemba yote naitumia kufanya upya maombi ya misaada, kwa sababu programu nyingi za dawa za bure huisha Desemba 31 na hazijifungui zenyewe.

Na kwa wagonjwa wetu wakimbizi kuna tarehe nyingine ambayo kila mratibu anayesoma hapa aiandike. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawaondoa wengi wa wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani kwenye Medicaid ya shirikisho kuanzia Oktoba 1, 2026. Mkimbizi anatakiwa kuomba kadi hiyo akishatimiza mwaka mmoja nchini, na wengi hawajaomba kwa sababu ya kazi, watoto, au kutojua. Sasa hivi, kabla sijauliza bima, nauliza hili. Ambaye hajaomba nampeleka kwa shirika lililompokea, wana watu wa uhamiaji wanaojaza fomu, na wakati huo huo naandaa maombi yake ya dawa za bure kwa mtengenezaji, fomu imejazwa na daktari amesaini, ili Medicaid ikikatika ombi litoke siku hiyo hiyo. Faili hizo ziko droo ya juu, upande wa kulia, na wenzangu wote wa kliniki wanajua zilipo.